Kipimajoto Ndani ya Friji

Vijana wangu, mkinikuta kwenye ukumbi wa jengo lolote hapa London, nimegusa bomba kwa mgongo wa mkono na macho nimeyafumba, niacheni. Si mgonjwa, wala sijapotea njia. Nimestaafu, lakini mkono wangu haujapata habari.

Nilikuwa fundi wa joto. Kazi yangu ilikuwa maboila ya chini ya ardhi yanayochemsha maji, pampu, na mabomba yanayopanda ghorofa kwa ghorofa mpaka kwenye rejeta, yale mabati ya joto yaliyopachikwa kwenye kuta za vyumba vyenu. Wengi wenu mmezaliwa hapahapa Kilburn, na kwenu joto ni kitu kinachotoka ukutani chenyewe. Najua pia kwamba baadhi yenu mtasomewa maneno haya na mama zenu, nanyi mtawajibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Nataka tu mjue kwamba mnapotembea pekupeku ndani mwezi wa Januari, kuna mtu huko chini anayesikiliza pampu.

Jengo ninalotaka kuwasimulia lina maduka chini na fleti juu, upande wa mashariki na upande wa magharibi, na boila za pamoja kwa wote. Joto la pamoja maana yake huwashi lako, unawashiwa. Na kwa miaka mingi aliyekuwa akiwasha, kwa kweli, ni kalenda. Mwanzo wa Oktoba joto linafunguliwa, mwisho wa Mei linafungwa. Baridi ikija mapema Septemba, vaa sweta usubiri. Jua likiwaka Mei mpaka watu wanapanga foleni ya aiskrimu, rejeta zinachemka vilevile, na nyingi vali zake, zile koki za kuzimia, zilikuwa zimeshika kutu, mpangaji hawezi kuzizima hata akitumia meno. Basi watu walifungua madirisha, joto likatoka nje. Tulikuwa tukiwapasha joto njiwa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Clive, mtu wa Barbados, mrefu, mwenye sauti ya chini na subira ya ajabu. Siku yangu ya kwanza aliniona nikishika bomba kwa kiganja, akacheka.

"Kiganja chako kimeshakuwa soli ya kiatu," aliniambia. "Kitakudanganya. Geuza mkono."

Nikageuza. Ngozi ya mgongo wa mkono ni laini, haijazoea kushika nyundo, kwa hiyo inasema kweli. Clive alinifundisha kugusa mabomba mawili, moja kwa haraka baada ya jingine: linalopeleka maji ya moto juu na linaloyarudisha chini. Yakirudi na joto lilelile yaliloondoka nalo, jua kwamba jengo halijala kitu, joto limezunguka tu likarudi. Yakirudi yamepoa kabisa, kuna mahali mtu analala na koti. Siku hizi mafundi wana vioo na tarakimu za kuwaeleza hayo, na ni vizuri, lakini nawashauri mguse pia. Msibonyeze, guseni na kuondoa mkono, la sivyo mtajifunza jambo jingine kabisa.

Siku moja tukinywa chai kwenye chumba cha boila nilimuuliza Clive ni nani aliyechagua Oktoba na Mei.

"Niliikuta hivyo," akasema.

"Na aliyekuwepo kabla yako?"

"Naye aliikuta."

Lilinishangaza sana jambo hilo. Jengo zima, watoto na wazee, linavua na kuvaa kwa tarehe ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi. Nikawa nauliza kila mkuu anayepita. Mmoja alisema ni sheria, mwingine akasema ni desturi, wa tatu akanitazama akaniuliza kama sina kazi.

Baadaye walituletea kidude cha kupima hewa ya nje, kidogo kama kiberiti, kikafungwa ukuta wa nyuma. Kalenda ilibaki palepale, ila ndani ya msimu kidude hiki ndicho kilichoamua maji yawe moto kiasi gani: nje kukiwa na baridi kali, maji yanachemshwa zaidi, nje kukiwa na uvuguvugu, yanapunguzwa. Tulifurahi. Lakini kila Ijumaa jioni jengo likawa linapoa. Siku nyingine hakuna shida, ila Ijumaa simu hazikomi. Clive akasema ni pampu. Mimi nikasema ni hewa imeingia kwenye mabomba. Mkuu wetu akasema ni wapangaji wanazidisha. Tukabadilisha pampu, tukatoa hewa, wapangaji wakazidi kuzidisha.

Ijumaa moja nilitoka uani kupumua, nikasimama chini ya kile kidude bila kufikiri. Nikahisi upepo wa vuguvugu unanipuliza kisogoni, upepo mzuri, wenye harufu ya mafuta na pilipili. Nikainua macho. Tundu la kutolea moshi la duka la kuku wa kukaanga lilikuwa hapohapo, na Ijumaa jioni ndiyo siku ambayo Kilburn nzima hula kuku. Kidude kilikuwa kikiamini kwamba kiangazi kimefika. Watu walikuwa wakitetemeka juu kwa sababu ya mapaja ya kuku chini. Clive alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Tulikihamishia ukuta wa kaskazini, juu, mbali na moshi na jua. Basi mkisikia mtu anataka kanuni mpya inayofuata hali ya hewa, mkubalieni, lakini muulizeni kwanza hewa hiyo anaipimia wapi.

Sasa nije kwenye joto lenyewe, maana nilikuwa nazunguka mbuyu.

Miaka yangu ya mwisho kazini simu zilianza kubadilika. Zamani watu walipiga kuomba joto. Sasa wakawa wanapiga kuomba tuliondoe. Viangazi vilikuwa vimegeuka. Nyasi za bustani zilikauka zikawa rangi ya mkeka. Na ndani ya majengo kulikuwa na kitu ambacho wengi hawakukijua: joto la rejeta linafungwa, ndiyo, lakini maji ya kuogea yanahitajika mwaka mzima. Kwa hiyo mabomba ya maji ya moto yanapita nyuma ya kuta mchana na usiku, Julai kama Januari, na katika jengo letu yalikuwa matupu, hayakufungwa sufi ya kuzuia joto lisitoke. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Joto lililovuja lilikuwa ni zawadi.

Ofisi ya nyumba ikamleta mhandisi aitwaye Meera, mwanamke kijana, mwepesi wa kucheka, aliyepewa kazi ya kuandika upya kanuni za joto za jengo letu. Kanuni mpya zilikuwa mbili. Kwanza, kalenda iondoke, joto lifunguliwe baridi inapoingia na kukaa, lifungwe inapoondoka, na kila fleti iwe na vali inayozimika. Pili, mabomba yavishwe sufi. Lakini mafundi wa sufi walikuwa wachache, wangemaliza upande mmoja tu kabla ya kiangazi, na upande wa pili ungesubiri mwaka mwingine. Ofisi ilitaka kuanza na magharibi, kwa sababu huko ndiko malalamiko yalikotoka.

"Mashariki hakuna anayelalamika," Meera aliniambia. "Naona ajabu, maana mabomba ni yaleyale. Wewe unaelewa kwa nini?"

Nilielewa mara moja, nikaona haya kidogo kumwambia. Upande wa mashariki ndiko walikojazana watu wetu. Wa Mombasa, wa Bukavu, wa Mogadishu, wa Khartoum. Na sisi tuna ugonjwa wetu mmoja: hatukubali kwamba joto la Uingereza ni joto. Mzungu akisema amechoka na jua, tunacheka. Simu kutoka nyumbani zikituuliza habari za hali ya hewa, tunasema, jua gani, hili ni jua jina tu. Mtu aliyekulia Mombasa apige simu ofisini kusema anaona joto London? Atawaangaliaje watu msikitini?

Ghorofa ya juu kabisa mashariki alikaa Bi Zuhura, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mjane, mwenye ulimi mkali na mkono mzuri wa kupika mahamri. Aliniita mwanangu ingawa ndevu zangu zilikuwa nyeupe. Madirisha hakufungua hata kidogo, aliamini upepo wa dirishani ndio unaoleta baridi yabisi. Kila asubuhi Mama Esther, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwenye kazi ya kuwatembelea wazee majumbani, alikuja kumhudumia.

Mwanzo wa msimu wa jua, mwezi wa Mei, rejeta zikiwa bado zinawaka kwa amri ya kalenda, Mama Esther alishuka ngazi mbio mpaka chumba cha boila.

"Papa Hamisi, kuya uone! Mama ameanguka. Mu nyumba iko moto sana, hata ukuta iko moto. Ninamwambia tufungue dirisha, anakatala."

Tulipanda. Bi Zuhura alikuwa ameshajiinua, amekaa kitandani, shali mabegani, jasho linamtiririka usoni.

"Nani kaanguka?" alisema kabla sijauliza. "Nimeteleza. Mtu akifunga saumu hulegea, ni kawaida."

"Mama," akasema Mama Esther, "leo asubuhi nilikupikia chai na mukate, na ulikula yote."

Bi Zuhura hakutikisika. "Nilisahau kwamba nimefunga. Na anayekula kwa kusahau, saumu yake haiharibiki. Muulize Hamisi."

Nilicheka, nakiri. Lakini muuguzi aliyekuja kumpima hakucheka. Alimweleza mbele yetu, kwa upole, kwamba akianguka tena itabidi atafutiwe nafasi kwenye nyumba ya wazee, maana hawawezi kumwacha peke yake juu huko. Mwanawe alikuwa Leicester, anafanya kazi za zamu, anaishi chumba kimoja na wenzake. Asingeweza kumchukua. Muuguzi alipoondoka, Bi Zuhura aliutazama mlango wake kwa muda.

"Mimi nimetoka Mombasa kuja kufungua mlango huu kwa ufunguo wangu mwenyewe," alisema. "Sitafunguliwa mlango na mtu."

Niliogopa. Najua wazee wanaoondolewa kwenye nyumba zao, na najua wanavyonyamaza baada ya hapo.

Nilimweleza Meera. Akasema njia ni kuionyesha ofisi kwamba mashariki nako kuna joto. Akaleta vipimajoto, vidude vyeupe vya kuweka juu ya meza, vinavyotuma habari vyenyewe kwenye kompyuta yake. Kwanza tulimwekea Bi Zuhura. Meera alimweleza kwa Kiingereza na mimi nikafasiri: kikae mahali pazuri, kisipigwe na jua, kisishikweshikwe. Bi Zuhura aliitika kwa adabu zote.

Baada ya siku chache Meera alinipigia simu, sauti yake ya mtu aliyeona jambo jipya.

"Hamisi, fleti ya juu mashariki ni baridi kuliko mlima. Ni baridi mchana, baridi usiku, haibadiliki. Nimekaa na hili tangu asubuhi. Kuna ukuta gani pale? Kuna upepo unatoka wapi?"

Tulipanda pamoja. Mlangoni tulipigwa na joto kama tumefungua tanuri. Meera akatazama huku na huku. Juu ya meza hapana kitu. Juu ya kabati hapana.

"Bi Zuhura," nikamuuliza, "kile kifaa kiko wapi?"

"Nimekihifadhi," akasema, akafungua friji. Kilikuwa rafu ya katikati, kimefungwa kwenye kitambaa safi, kati ya chupa ya samli na sindano zake za kisukari. "Kitu cha umeme cha watu. Nikikiacha nje, joto hili lingekiharibu."

Mama Esther, aliyekuwa anakunja nguo, akaziacha, mabega yakaanza kumtikisika.

"Joto gani, Bi Zuhura?" nikamuuliza. "Si ulituambia hakuna joto?"

Akaitazama friji. Humo ndani aliweka samli, ambayo miaka yote ya London ilikaa kabatini imeganda kama jiwe na mwaka ule ilikuwa imeyeyuka kama iko Mombasa. Aliweka mishumaa. Aliweka mafuta ya nazi ya nywele. Kila kilichokuwa na thamani alikiokoa na joto, akabaki yeye tu nje. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, nasi tukacheka naye, na Meera, aliyekuwa hajafasiriwa neno hata moja, akacheka kwa kutuona.

Nilipomfasiria, Meera hakumcheka mzee. Aliuliza swali, kama kawaida yake.

"Mombasa kuna joto zaidi ya hili. Kwa nini kule aliweza?"

Tulikaa tukalichambua, sisi wanne, na naona hicho ndicho kikao kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukaa kazini. Bi Zuhura alieleza nyumba yao: dari iko juu, madirisha pande zote mbili, upepo unaingia huku unatokea kule, alasiri mnalala, jioni mnatoka kukaa barazani mpaka ukuta upoe. Hapa dirisha liko upande mmoja, limefungwa kikomo cha usalama, halifunguki zaidi ya kupitisha mkono. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Na ukuta wa nyuma, nilipougusa kwa mgongo wa mkono, ulikuwa wa moto kwa lile bomba lililopita ndani yake. Nyumba ya Mombasa imejengwa kutoa joto. Hii imejengwa kulishika lisitoke, na imelishika kweli.

"Kanuni zetu zote," Meera alisema polepole, "zinauliza kama kuna baridi. Hakuna hata moja inayouliza kama kuna joto."

Kisha akasema kwamba kipimajoto kitasaidia, lakini wakuu wa ofisi wanakuja kwenye mkutano wa wapangaji wiki hiyo, na wangesikiliza zaidi wakisikia kwa watu wenyewe. Sote tukamtazama Bi Zuhura. Akajifanya anafuta friji.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa chini, mchana, madirisha yote wazi. Wa magharibi walisema yao. Mzee mmoja Mreno wa ghorofa ya kwanza, mwenye kifua kibovu, akasimama na hasira: ninyi mnataka kuondoa joto, mimi Septemba nakohoa damu. Meera akamweleza kwamba kanuni mpya itamfungulia joto hata Septemba baridi ikija, asisubiri Oktoba tena. Mzee akakaa, akasimama tena, akauliza kwa nini hawakufanya hivyo zamani. Hakuna aliyejua.

Mkuu wa ofisi akauliza kama mashariki kuna lolote. Nikawaona watu wetu, wamekaa wakipangusa jasho, wanatazama viatu. Ningeweza kusema mimi. Lakini mimi nilikuwa fundi, nililala kwangu, jengo jingine, kwenye dirisha linalofunguka.

Ndipo Bi Zuhura alisimama, akaegemea bega la Mama Esther. Amevaa buibui lake zuri.

"Hamisi, nifasirie, na usipunguze," alisema. "Waambie mimi ni Zuhura, mtu wa Mombasa, mtoto wa Mombasa, nyanya zangu wa Mombasa. Na waambie joto la nyumba hii limenishinda. Nimeanguka nikawaongopea kwamba nimefunga. Mimi sitaki kwenda kuwekwa kwa watu. Nataka kukaa kwangu."

Nilifasiri. Lile la mwisho nikalirudia.

Kisha nyuma kabisa akasimama bwana wa Khartoum, mtu mzito, wa heshima, ambaye sijawahi kumwona bila koti. Alikohoa.

"Mimi," alisema, akiangalia dari, "tangu mwezi uliopita nalala kwenye beseni la kuogea."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na kicheko kile kilifungua mambo. Mama wa Mogadishu akasema watoto wake wanalala kwenye vigae vya sakafu ya jikoni. Mama Esther akasema wazee wake wengine wawili wako hivyohivyo, na hawasemi. Kila mmoja alikuwa akidhani ni yeye peke yake aliyelegea, aliyesahau kwao. Mkuu wa ofisi hakuwa na la kuzungusha. Alisema sufi ianze mashariki, ghorofa ya juu kwanza, ishuke. Mzee wa Kireno akapiga makofi kuliko wote, sijui kwa nini.

Ilifanyika. Walivisha mabomba kabla ya jua kali la Julai, wakabadilisha vikomo vya madirisha ya juu ili yafunguke zaidi pasipo hatari, wakaweka mapazia meupe upande wa jua. Kanuni mpya ikaongezwa jambo ambalo Meera alilipigania: siku za joto kali, mtu abishe hodi kwa kila mzee na aingie aguse ukuta, asiulize tu mlangoni "uko salama?" Maana akiulizwa hivyo, mzee wetu atasema yuko salama, amefunga tu.

Basi nyinyi mnaoingia kazi hizi, na nasikia wengi mnaingia, jueni kwamba kelele za simu haziwaambii kila kitu. Upande ulionyamaza, pandeni mkauone. Na mkiwa na bibi zenu wanaosema jua la hapa ni jina tu, fungueni friji zao mtazame walichohifadhi.

Oktoba iliyofuata, nikiwa nimeshastaafu, nilikwenda kumtembelea Bi Zuhura. Tarehe ya zamani ya kuwasha ilikuwa imepita na boila za joto zilikuwa zimelala, kwa sababu nje kulikuwa bado na uvuguvugu. Hakuna aliyelalamika. Muuguzi alikuwa amekoma kabisa kutaja nyumba ya wazee. Bi Zuhura alinifungulia mlango mwenyewe, kwa ufunguo wake, taratibu, hakutaka nimsaidie. Kipimajoto kilikuwa juu ya meza, kimewekewa kitambaa cha kufuma chini yake. Dirisha lilikuwa wazi.

Tukanywa chai na mahamri. Jua lilipoanza kushuka akajifunika shali.

"Hamisi mwanangu," akasema, "hebu nifungie hilo dirisha. Naona kijibaridi."

Nikainuka nikalifunga. Nikirudi kitini nikapitisha mgongo wa mkono kwenye ukuta wa nyuma. Ulikuwa umepoa. Yeye akafungua kabati kutafuta sukari ya chai yangu, na nikaiona chupa ya samli rafu ya juu, mahali pake pa zamani, imeganda nyeupe.